Tunalipia fremu, raha iko kwenye tairi

Ingia duka lolote la baiskeli pale Mwanjelwa, Mbeya, uulize bei. Kitu cha kwanza utakachoambiwa ni fremu imetengenezwa kwa nini. "Hii aluminiamu, kaka, haichoshi." Ile iliyoegemezwa ukutani ni ya chuma, bei yake iko chini, na muuzaji haihangaikii sana. Ikitokea ya mtumba yenye foku ya kaboni, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, bei inapanda tena, na unahakikishiwa kwamba hiyo ndiyo isiyotikisa mwili. Iringa mjini maneno ni hayo hayo, na Makambako vilevile.

Naandika kuipinga imani hii kwa sababu wanaoilipia si watu wa kuchezea hela. Ni mkulima wa viazi wa Umalila, ni mwanafunzi wa sekondari anayekaa mbali na shule, ni mama anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kule Rungwe, ni kibarua wa mashamba ya mpunga Usangu. Tofauti ya bei kati ya fremu na fremu kwao ni ada ya mtoto, ni mfuko wa mbolea. Na kile wanachoahidiwa hakimo ndani ya fremu. Kwenye barabara zetu, raha ya mwendesha baiskeli huamuliwa kwanza na tairi na upepo uliomo, halafu siti na fimbo inayoibeba, halafu namna mtu anavyokaa. Malighafi ya fremu inakuja nyuma kabisa ya hayo. Ina kazi yake kubwa, nami nitaifikia, ila siyo kazi inayotangazwa dukani.

Tuiangalie barabara kwanza. Changarawe iliyopitiwa na malori kiangazi kizima hujikunja kama bati, na kati ya tuta na tuta mara nyingi panakuwa na nusu mita hadi mita moja. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa anakata mita 5 kila sekunde. Matuta yakiwa yameachana kwa sentimita 75, anarushwa karibu mara 7 ndani ya sekunde moja. Kiwango cha kimataifa cha kupima mtikisiko wa mwili mzima, ISO 2631, kinaupa uzito mkubwa mtikisiko wa juu na chini unaotokea takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu hapo ndipo kiwiliwili cha mtu aliyekaa kinapoupokea na kuukuza badala ya kuupunguza. Yaani mwendo wa kawaida wa baiskeli kwenye barabara ya kawaida ya vumbi unaangukia palepale mwili unapoumia zaidi. Ndiyo maana waliozoea njia hizo hukimbilia ukingoni, kwenye kile kijia chembamba kilicholainishwa na miguu ya watu, hata kama kinawapitisha karibu na mtaro.

Mikono ina shida nyingine. Kokoto ndogo na lami iliyochunika hutoa mtetemo wa kasi zaidi, ambao hauonekani kwa macho ila unapanda kwenye usukani hadi vidole vinakufa ganzi. Kisha kuna pigo la ghafla: shimo, jiwe, au zile rasta za barabara kuu ya kwenda Zambia, ambazo dereva wa lori anazisikia kidogo na wa baiskeli anazisikia mpaka kwenye meno. Ni mambo matatu tofauti, na kifaa kinachotuliza moja si lazima kitulize lingine. Muuzaji anayesema "haitikisi" anayachanganya yote matatu.

Sasa fremu. Fremu ya kawaida ni pembetatu mbili zilizounganishwa. Uzito unaposhuka kutoka kwenye siti, mabomba ya pembetatu hizo hubanwa au kuvutwa kwa urefu wake, hayapindwi, na chuma kinachobanwa kwa urefu wake karibu hakisogei. Mtu mzima akikalia baiskeli, fremu inashuka kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Hata ile inayosifiwa kwa ulaini haizidi hapo kwa mengi. Tairi ya inchi 2 chini ya mtu huyo huyo inabonyea milimita 7, 8, hata 10. Vitu hivi vimepangwa kwa mfululizo, kimoja juu ya kingine, kwa hiyo kile kilicho laini ndicho kinachomeza pigo. Ukiifanya fremu iwe laini mara mbili, umeongeza kitu kidogo sana juu ya kile ambacho tairi ilishafanya.

Kuna jambo linalowashangaza wengi wanapolisikia mara ya kwanza. Kwa asili yake, aluminiamu si ngumu kuliko chuma. Kipimo cha ugumu wa malighafi dhidi ya kunyumbulika kwa chuma ni takriban gigapaskali 200, kwa titani ni kama 110, na kwa aluminiamu ni 70 tu. Ukichukua mabomba mawili yenye kipenyo kimoja na unene mmoja wa ukuta, la aluminiamu litapinda karibu mara tatu zaidi ya la chuma. Uzito nao unafuata uwiano huohuo: sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8, ya aluminiamu ni 2.7.

Imekuwaje basi aluminiamu ikapata sifa ya kuwa ngumu na ya kuumiza mgongo? Ni kwa sababu mtengenezaji anaujua udhaifu wake, hivyo analifanya bomba liwe pana. Upana wa bomba una nguvu kuliko malighafi. Ukuta ukibaki na unene uleule, ukiongeza kipenyo mara mbili, ugumu wa bomba dhidi ya kupinda unapanda mara 8. Historia ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Fremu ya Kifaransa ya Vitus 979 ilitengenezwa kwa aluminiamu yenye mabomba membamba ya vipimo vilevile vya chuma, na waendeshaji wa miaka ya 1980 waliijua kwa kunyumbulika kwake. Sean Kelly, bingwa wa Ireland, alishindana akiwa juu ya fremu za namna hiyo. Mwaka 1983 Wamarekani wa Cannondale wakaanza kutoa baiskeli za aluminiamu yenye mabomba manene, na zikajulikana kwa kinyume chake: ngumu, kavu, zisizosamehe. Malighafi ni moja, miaka inakaribiana, na sifa mbili zinazopingana. Anayekuambia "aluminiamu iko hivi" au "chuma kiko vile" bila kukuonyesha vipimo vya mabomba hajakuambia kitu.

Nyuzi za kaboni ndizo pekee zinazostahili maelezo ya ziada. Mtengenezaji anaweza kuzilaza nyuzi kwa mwelekeo anaoutaka, akapata ugumu kwenye pedali na ulaini kwenye siti katika fremu ileile, na gundi inayozishika humeza sehemu ya mtetemo mdogo. Hilo ni kweli na ni ufundi wa hali ya juu. Lakini tazama wenye fremu hizo wamefanya nini na matairi yao. Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa zilizoanza mwaka 1896, zinapita zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe, na timu zinazoshiriki zina baiskeli za gharama kubwa sana. Zamani baiskeli za mbio za barabarani zilikwenda na tairi za milimita 23 au chini ya hapo. Leo kwenye mawe yale wanafunga za milimita 30 na kuzidi, wakipunguza upepo. Wangekuwa wanaipata raha kwenye kaboni, wasingehangaika na mpira.

Na tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Baiskeli za miaka ya 1860 zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete ya chuma, na Waingereza walizipa jina la watikisa mifupa. Zikaja fremu bora, zikaja tairi za mpira mtupu, mateso yakapungua kidogo tu. Mwaka 1888, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, akiishi Belfast, alifunga bomba la mpira lenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka uliofuata William Hume alizitumia tairi za namna hiyo kwenye mashindano palepale Belfast na kuwashinda wenzake waliokuwa na mpira mtupu. Hakuna malighafi ya fremu iliyowahi kuleta mabadiliko ya kiasi hicho.

Wazee wetu watanijibu: mbona Phoenix ya chuma ilikuwa tamu kuliko hizi za gia? Ilikuwa tamu, nakubali kabisa, na anayetaka kuthibitisha apande iliyotunzwa vizuri kutoka Rujewa hadi Ubaruku, kwenye tambarare. Ila tazama kilicholeta utamu huo. Tairi ya 28 kwa inchi moja na nusu, yaani karibu milimita 40, kwenye gurudumu kubwa lisilozama ndani ya kila kishimo. Siti ya ngozi iliyowekwa juu ya springi nene za chuma. Foku iliyopindishwa mbele, na pembe zote zimelala, kwa hiyo baiskeli ni ndefu na mtu anakaa wima, uzito wake karibu wote ukiwa juu ya springi zile na mikono ikishika tu. Swala, iliyotengenezwa hapa nchini, ilifuata umbo hilohilo. Vua vitu hivyo, ifunge siti ya plastiki na tairi nyembamba, na fremu ileile ya chuma itakuumiza.

Urefu wa baiskeli unahitaji kuelezwa zaidi kidogo, maana unagusa watu wengi wasio na sauti kwenye mjadala huu: wanaobebwa. Gurudumu la nyuma likirushwa, siti inarushwa kwa kiasi kinachotegemea iko mbali kiasi gani na ekseli ya nyuma. Siti ikiwa robo ya njia kutoka ekseli ya nyuma kwenda ya mbele, inapata robo tatu ya pigo. Keria iko juu ya ekseli yenyewe, au nyuma yake, kwa hiyo abiria anapata pigo zima, na mara nyingine zaidi. Mama mjamzito anayepelekwa zahanati kwa baiskeli anapata mtikisiko mkubwa kuliko anayemwendesha, bila springi chini yake na bila pedali za kusimamia anapoliona shimo. Kipande cha sponji kilichofungwa juu ya keria, kama wanavyofanya wabeba abiria wa Kyela, kinatawanya maumivu ya makalio na kupunguza mtetemo mdogo; yale mapigo 7 kwa sekunde yanapita moja kwa moja. Kinachoweza kumsaidia ni tairi ya nyuma yenye tumbo pana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye upepo, na hapa ndipo naona hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu ni hasara isiyogharimu chochote kuiondoa. Kaa kwa fundi yeyote wa pembeni mwa barabara, Mafiati au Ipogolo, uangalie. Mteja analeta baiskeli, fundi anapiga pampu ya mguu, anabonyeza kwa vidole gumba viwili, anaendelea. Geji ya kupima upepo hakuna. Mteja mwenyewe anaigonga tairi kwa spana, ikilia, anaridhika. Mbele na nyuma zinajazwa sawa, aliye na gunia na asiye nalo wanajaziwa sawa. Baiskeli inaondoka ikiwa na matairi yasiyobonyea hata kidogo, na mwenyewe akifika nyumbani kiuno kinauma analaumu fremu.

Desturi hii ina sababu zake, siidharau. Tairi yenye upepo mdogo inapogonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Kila fundi anaifahamu pancha hiyo. Na mwenye kubeba gunia la viazi anahitaji upepo mwingi nyuma, la sivyo tairi inatanuka ubavuni na kukatika. Lakini mahitaji ya mzigo wa siku moja yamegeuzwa kuwa sheria ya kila siku, na ya gurudumu la nyuma yamehamishiwa la mbele lisilobeba kitu. Mtu wa kilo 70 asiye na mzigo, kwenye tairi za inchi 2, anatosheka na psi 30 hadi 35, psi ikiwa ndicho kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji. Kwenye tairi za milimita 40 za baiskeli ya kizamani, 45 hadi 50. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito, mara nyingi karibu theluthi mbili, kwa hiyo la mbele linaweza kupungukiwa psi 5 bila hofu yoyote. Gunia likipanda keria, nyuma jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Mbele acha ilivyokuwa. Viganja vyako vitaona tofauti kabla hujamaliza kijiji.

Wengine wanasema tairi ngumu inakwenda kasi. Kwenye sakafu laini ni kweli kidogo. Kwenye changarawe ni kinyume: tairi isiyobonyea inaurusha mwili mzima juu kwa kila kokoto, na nguvu ya kuurusha inatoka kwenye miguu yako, kisha inapotea kuwa joto ndani ya misuli na nyama. Tairi inayobonyea inalimeza jiwe na kuendelea. Anayepanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje hana nguvu za kupoteza namna hiyo.

Na nyanda zetu zina baridi, jambo ambalo pampu ya mchana hailijui. Tairi iliyojazwa psi 40 alasiri ya nyuzi 25 kule Njombe itakuwa imeshuka kwa kama psi 3 na nusu alfajiri ya Juni ikiwa nyuzi 5, bila pancha yoyote. Mwenye baiskeli anaibonyeza, anaiona laini, anaongeza. Jua likipanda, imekuwa jiwe.

Baada ya tairi, siti. Siti nyingi za baiskeli mpya za bei ya chini ni ganda la plastiki lililofunikwa sponji nene inayovutia kuibonyeza dukani. Sponji hiyo inalala ndani ya miezi michache, na unabaki umekalia plastiki. Siti ya ngozi yenye springi ni nzito, inataka kupakwa mafuta na kufunikwa mvua inaponyesha, na bado naiona ndiyo uwekezaji bora wa pili baada ya matairi. Chini yake kuna fimbo ya siti, ile inayoingia ndani ya fremu, na hapo kwa mara ya kwanza malighafi inasikika kweli, kwa sababu fimbo hiyo inapindwa, haibanwi kwa urefu kama mabomba ya fremu. Fimbo nyembamba ya milimita 27.2 iliyochomoza sana inanyumbulika milimita kadhaa. Nene ya 31.6 iliyozama ndani karibu hainyumbuliki. Ya kaboni inaweza kunyumbulika kuliko zote mbili. Kwa hiyo mtu mwenye fremu ndogo kidogo na fimbo ndefu anaweza kupata raha kuliko mwenye fremu kubwa ya gharama na fimbo fupi, na wote wawili watasema ni fremu.

Foku ya chuma iliyo nyembamba na iliyopinda mbele nayo ina ulaini wake, kidogo. Usukani pia. Wale wanaozungushia mpira wa tyubu kuukuu kwenye mishikio wanafanya jambo la maana kwa mtetemo wa vidole.

Shokapu za bei rahisi zinanihuzunisha. Baiskeli nyingi zinazoingia sokoni kama za milimani zina foku yenye springi mbili ndani, bila mafuta ya kutuliza mrudisho, na imeongeza zaidi ya kilo moja. Springi isiyotulizwa haimezi pigo. Inalihifadhi na kulirudisha. Tukuyu na vijiji vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na tope la Rungwe likishaingia kwenye mirija ile, shokapu inakwama na kubaki chuma kizito kisichosogea. Mzazi amelipa zaidi kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto amepata baiskeli nzito ya kusukuma mlimani. Foku ngumu ya kawaida na tairi pana vingemfaa mara nyingi zaidi, kwa bei ndogo zaidi.

Spoku sitazizungumzia sana. Idadi yake na namna zilivyosukwa haviongezi ulaini unaoweza kuusikia, kwa kuwa gurudumu lililokazwa vizuri halishuki hata milimita moja. Vinaongeza nguvu, na baiskeli za kizamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu ya mzigo.

Sasa ile kazi kubwa ya malighafi ya fremu niliyoahidi kuifikia. Ni uimara na matengenezo. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kupigwa mara zisizohesabika bila kuchoka. Aluminiamu haina kiwango kama hicho. Kila pigo, hata dogo, linakula kitu. Fremu nzuri ya aluminiamu hutengenezwa na ziada ya nguvu ili ichukue miaka mingi kabla ya ufa, lakini hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya mtu mmoja kwenye lami, siyo kwa gunia la mkaa juu ya keria ya nondo kwenye matuta ya bati. Na ufa ukitokea, tofauti inakuwa ya maisha. Fremu ya chuma iliyopasuka pembeni mwa Chimala itaungwa siku hiyohiyo na fundi mwenye mtungi wa gesi na kijiti cha shaba. Aluminiamu inahitaji mashine nyingine na ustadi mwingine, na hata ikiungwa, sehemu iliyopata moto inapoteza nguvu nyingi hadi fremu nzima ipitishwe tena kwenye tanuri maalumu. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku nje rangi ikiwa nzima.

Kwa hiyo kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayebeba mzigo nitamwambia achukue chuma bila kusita, na nitamwambia sababu ya kweli. Baiskeli ya Buffalo, inayotumika Zambia na Malawi kwa wanafunzi na wahudumu wa afya, ni ya chuma, na keria yake imekusudiwa kubeba kilo 100. Walioibuni walianza na barabara na mzigo.

Kuna wanaopendekeza mianzi, na kwa mkoa unaojulikana kwa ulanzi kama Iringa wazo hilo linavutia. Ghana na Uganda wanatengeneza fremu za mianzi na kuziuza hadi nje, na mwanzi kweli humeza mtetemo mdogo vizuri. Ni kazi nzuri kwa vijana wenye karakana, endapo mianzi itakaushwa vya kutosha na kukingwa na wadudu, na aina inayokatwa iwe na ukuta mnene; ule wa ulanzi usichukuliwe tu kwa kuwa upo. Ila raha ya baiskeli hiyo nayo itatoka kwenye tairi.

Fremu inagusa raha kwa njia moja ambayo sijasikia duka lolote likiitaja: nafasi. Upana wa pengo kati ya miguu ya foku, na kati ya mabomba mawili ya nyuma karibu na cheni, ndio unaoamua tairi gani itaingia. Fremu ya aluminiamu yenye pengo la inchi 2 na ziada itakuwa na raha kuliko ya chuma isiyopitisha zaidi ya milimita 32, na fundi hawezi kulipanua pengo hilo baiskeli ikishauzwa. Baiskeli za mtumba za Kijapani zina shida ya pili, rimu ya 26 kwa inchi moja na tatu ya nane, ambayo haipokei tairi ya 26 ya baiskeli za milimani ingawa namba inafanana. Mnunuzi anafunga tairi nyembamba iliyopo, au anaegesha. Naomba wafanyabiashara wetu waanze kubandika kipimo hicho penye bei.

Na halmashauri, miradi na shule zinazonunua baiskeli kwa wingi kwa ajili ya maafisa ugani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi zina uwezo ambao mteja mmoja hana. Sifa za zabuni huandika fremu ya nini, gia ngapi, rangi gani. Ziandikwe pia: tairi ya inchi 2 iingie mbele na nyuma na kidole kipite kila upande, ili tope la masika lisizibe gurudumu, siti iwe na springi, pampu yenye geji itolewe kwa kila kijiji, pamoja na karatasi inayoonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, ukiwa na mzigo na usipokuwa nao.